Jibu limetoka bovu: kulisaka kosa kwa kufuata vizio

Umekokotoa, umepata namba, na namba yenyewe haiingii akilini. Gari la kawaida linakwenda mita 259 kwa sekunde. Hewa ya chumba kizima ina uzito wa gramu 60. Wengi hapo hukimbilia kubonyeza kikokotoo upya, na kikokotoo huwarudishia jibu lile lile, kwa sababu kosa halimo kwenye kuzidisha wala kugawanya. Limo kwenye vizio: mita, sekunde, kilogramu na wenzao, walioachwa nje ya hesabu mstari wa kwanza na kubandikwa tena mwishoni kwa kubahatisha.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na tatizo lako uanzie hapo. Ila ipo kazi moja ya kufanya kwanza, na bila hiyo tiba zinazofuata hazitakusaidia.

Kwanza: iandike hesabu upya, vizio vikiwemo

Kila namba ipewe kizio chake, katika kila mstari, tangu wa kwanza. Kizio si pambo la jibu. Ni sehemu ya kiasi chenyewe, na kinafuata aljebra kama herufi nyingine yoyote. Huzidishwa, hugawanywa, hupandishwa kipeo, na hukatwa kikionekana juu na chini ya mstari.

Kubadilisha kizio ni kuzidisha kwa kigeuzi, yaani sehemu ambayo juu na chini yake ni kitu kile kile kilichopimwa kwa vizio viwili. Kwa kuwa kilomita 1 ni mita 1000, sehemu 1000 m / 1 km ina thamani ya 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kiasi. Hivi ndivyo mwendo wa kilomita 72 kwa saa unavyogeuzwa:

72 km/saa × (1000 m / 1 km) × (1 saa / 3600 s) = 20 m/s

Kilomita ya juu imekatwa na ya chini. Saa ya chini imekatwa na ya juu. Zimebaki mita na sekunde, tulizozitaka. Ukigeuza kigeuzi kimoja juu chini, vizio vitakataa kukatika na utaona palepale kabla hujagusa namba. Hiyo ndiyo faida yote ya njia hii: kosa hujitangaza mapema.

Tofautisha pia kizio na dimensheni. Dimensheni ni aina ya kitu kinachopimwa: urefu, tungamo, muda. Kizio ni kiwango cha kuipimia. Inchi na kilomita ni vizio viwili vya dimensheni moja, urefu, kwa hiyo hubadilishana. Kilogramu na mita hazibadilishani kamwe. Mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, una dimensheni saba za msingi: urefu, tungamo, muda, mkondo wa umeme, halijoto, kiasi cha dutu na ukali wa mwanga. Nyingine zote huundwa kutokana na hizo. Sheria kuu, ambayo Joseph Fourier aliieleza katika kazi yake kuhusu joto mwaka 1822, ni kwamba vitu vinavyojumlishwa, vinavyotolewa au vinavyolinganishwa kwa alama ya sawasawa lazima viwe na dimensheni moja. Kuzidisha na kugawanya hakuna mpaka huo.

Dalili: jibu ni la aina sahihi, lakini limezidi au limepungua mno

Usilifute jibu bovu, kwani lina habari ndani yake. Ligawanye kwa jibu unalolitarajia, hata kama matarajio yako ni makadirio tu, kisha uutazame uwiano. Makosa ya vizio huacha alama zake, na ukizizoea utamtambua mkosaji kabla ya kurudi kwenye hesabu.

Alama mbili za kukumbuka ni hizi. Ukisahau kigeuzi kabisa, jibu lako litapishana na la kweli kwa ukubwa wa kigeuzi hicho. Ukikitumia juu chini, litapishana kwa kigeuzi hicho kikizidishwa kwa chenyewe. Lile gari la mita 259 kwa sekunde ni mfano wa pili: 72 ilizidishwa kwa 3.6 badala ya kugawanywa, ikatoka 259.2. Gawanya 259.2 kwa 20 upate 12.96, ambayo ni 3.6 × 3.6. Uwiano ungekuwa 3.6 tu, maana yake ni kwamba kilomita kwa saa ziliingizwa moja kwa moja bila kugeuzwa.

Nyingine ninazokutana nazo mara kwa mara:

- 1000: gramu dhidi ya kilogramu, mililita dhidi ya lita, mikrogramu dhidi ya miligramu. Chumba cha mita za ujazo 50 chenye hewa ya densiti 1.2 kg/m³ kina kilogramu 60 za hewa. Aliyepata "gramu 60" amebandika kizio cha mwisho kwa mazoea. Kwenye dawa kosa hili ni la kutisha, na ndiyo maana watu makini huandika neno "mikrogramu" lote badala ya ishara inayoweza kusomwa vibaya.
- Bilioni moja: herufi M na m zimebadilishana. Kubwa ni mega, ndogo ni mili.
- 60 au 3600: dakika na saa.
- 9.8: tungamo limetumika mahali pa kani, au kinyume chake.
- 57.3: pembe iko kwenye digrii ilhali kanuni inataka radiani.
- 4.18: kalori na juli.
- 2.2: pauni na kilogramu.
- 8: biti na baiti. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hushusha megabaiti 12.5 kwa sekunde, hata ukiwa mzima kabisa.

Uangalifu unahitajika, kwa sababu uwiano mmoja unaweza kuwa na wazazi wawili. Milioni moja yaweza kuwa kigeuzi cha 1000 kilichopinduliwa, au mita za ujazo zilizochanganywa na sentimita za ujazo. Uwiano hukuonyesha pa kutazama tu. Anayethibitisha ni mstari wa vizio.

Dalili: urefu unageuka vizuri, eneo na ujazo vinakataa

Mwanafunzi anajua kuwa mita 1 ni sentimita 100, anaandika kuwa mita ya mraba 1 ni sentimita za mraba 100, na kuanzia hapo kila kitu kinapinda. Chanzo ni kwamba kipeo kimewekwa kwenye kizio kikasahauliwa kwenye kigeuzi. Kizio kikipandishwa kipeo, kigeuzi kizima hupanda nacho:

1 m² = (100 cm)² = 10,000 cm²
1 m³ = (100 cm)³ = 1,000,000 cm³

Tiba ni kukiandika kigeuzi mara nyingi kadiri kizio kinavyojirudia. Densiti ya zebaki, 13.6 g/cm³, inageuzwa hivi:

13.6 g/cm³ × (1 kg / 1000 g) × (100 cm / 1 m) × (100 cm / 1 m) × (100 cm / 1 m) = 13,600 kg/m³

Ndiyo, kigeuzi kile kile kimeandikwa mara tatu. Ni kazi ya sekunde kumi, na inaondoa kabisa haja ya kukariri kwamba "unazidisha kwa elfu". Aliyekariri husahau, aliyeandika huona.

Dalili: kizio cha mwisho si kile kinachotafutwa

Unatafuta muda, umepata 1/s. Unatafuta nishati, umepata kg·m/s. Dalili hii ni ya kufurahia, kwa sababu imekuonyesha kosa bila kukudai hata namba moja. Vigeuzi vyako huenda viko sawa. Kilichoharibika ni kanuni. Umeipindua, umesahau kipeo, au umeipanga vibaya ulipohamisha herufi upande wa pili.

Tuseme umeandika kipindi cha pendulamu kuwa 2π√(g/l). Mchapuko wa mvutano wa dunia, g, una kizio m/s², urefu l una m. Ukigawanya, mita hukatika na kubaki 1/s²; kipeuo cha pili chake ni 1/s. Hiyo si sekunde. Pindua sehemu iliyo ndani ya kipeuo, √(l/g), na sekunde zinatokea.

Na yule aliyepata kg·m/s alipotafuta nishati? Nishati ni kg·m²/s². Amepungukiwa m/s moja, yaani mwendo mmoja. Karibu kila mara ni kipeo cha pili kilichoanguka kwenye ½mv². Zoea kuuliza "kimepungua nini?" badala ya "nimekosea wapi?", kwa kuwa kizio kilichopungua kwa kawaida hutaja jina la kitu kilichosahauliwa.

Dalili: hesabu za halijoto zinatoa majibu ya ajabu

Vigeuzi vyote tulivyotumia hadi sasa huanzia sifuri moja: sifuri ya mita ni sifuri ya futi. Selsiasi na Farenhaiti haziko hivyo. Sifuri zake ziliwekwa mahali tofauti, kwa hiyo kuzidisha peke yake hakutoshi. Nyuzi 10 za Selsiasi kwenye kipimajoto ni nyuzi 50 za Farenhaiti, kwa sababu tunazidisha kwa 1.8 kisha tunaongeza 32. Lakini *kupanda* kwa nyuzi 10 za Selsiasi ni kupanda kwa nyuzi 18 za Farenhaiti. Ile 32 haihusiki. Kabla ya kugeuza, jiulize kama namba uliyo nayo ni halijoto au ni tofauti kati ya halijoto mbili. Nusu ya matatizo ya joto huisha kwa swali hilo.

Nusu nyingine iko kwenye kanuni za gesi. Gesi iliyofungwa katika chombo kisichotanuka ikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi 127 za Selsiasi, shinikizo halipandi kwa 127/27, ambayo ni karibu mara tano. Kanuni inadai halijoto inayohesabiwa kutoka sifuri halisi, yaani kelvini: 300 K hadi 400 K, mara moja na theluthi. Popote halijoto inapozidishwa au kugawanywa, tumia kelvini.

Dalili: kani na tungamo vimechanganyika

Kilogramu hupima tungamo. Nyutoni hupima kani, na nyutoni 1 ni kg·m/s². Kitu cha kilogramu 10 huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 98 hivi. Ukiweka 10 mahali pa 98, kila kitu kinachofuata kitapungua kwa uwiano wa 9.8.

Kwa vizio vya pauni hatari ni kubwa zaidi, maana jina moja hutumika kwa pauni ya tungamo na pauni ya kani. Pauni ya kani ni nyutoni 4.45. Namba hiyo ndiyo iliyokipoteza chombo cha anga Mars Climate Orbiter tarehe 23 Septemba 1999. Programu moja ardhini ilitoa msukumo wa injini zake ndogo kwa pauni-sekunde. Timu ya urambazaji iliupokea kana kwamba ni nyutoni-sekunde, kama mkataba wa kazi ulivyotaka. Athari ya kila msukumo ikahesabiwa kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa, mara 4.45. Chombo kilichopangwa kupita kilomita 226 juu ya Mars kilishuka hadi kimo cha kilomita 57 hivi, na hakikusikika tena. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Faili ilibeba namba, haikubeba vizio.

Dalili: namba isiyobadilika imetoka kwenye kitabu, na hakuna anayejua kizio chake

Kati ya vyanzo vyote, hiki ndicho ninachokiogopa zaidi. Mtu anapokea "zidisha kwa 1.77", anazidisha, na kwa kuwa 1.77 imevaa sura ya namba tupu, hapati pa kushuku.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege mpya aina ya Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inajazwa mafuta kwa safari ya kwenda Edmonton. Kipimo cha mafuta cha ndani ya ndege kilikuwa hakifanyi kazi, hivyo hesabu ikafanywa kwa mkono. Zilihitajika kilogramu 22,300. Kwenye matangi zilipimwa lita 7,682. Namba iliyotumika kugeuza lita kuwa uzito ilikuwa 1.77. Twende nao:

7,682 × 1.77 = 13,597, "zilizomo"
22,300 − 13,597 = 8,703, "zinazopungua"
8,703 ÷ 1.77 = 4,917, lita za kuongeza

Kila mstari ni sahihi kwa kikokotoo. Sasa irudie ukiwa na vizio. 1.77 ni pauni kwa lita:

7,682 lita × 1.77 pauni/lita = 13,597 pauni

Mstari wa pili sasa unasomeka: kilogramu 22,300 toa pauni 13,597. Kutoa huko hakuruhusiwi, na kalamu inasimama. Ndege ile ilikuwa mpya na ilitumia kilogramu, tofauti na zile walizozizoea. Densiti iliyohitajika ilikuwa 0.803 kg/lita. Kwa hiyo zilizomo zilikuwa kilogramu 6,169 tu, na za kuongeza zilipaswa kuzidi lita 20,000. Ndege iliruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika, injini zote mbili zikazimika angani, na marubani wakaitelezesha bila injini hadi uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada. Watu wote 69 waliokuwemo walisalimika.

Tiba ni kuikatalia namba yoyote isiyo na kizio mpaka ujue imetoka wapi. Kanuni za mkato zimejaa namba za namna hiyo. "Umbali wa kuanguka ni 4.9 mara muda kwa kipeo cha pili" inafanya kazi kwa mita na sekunde tu, kwa sababu 4.9 hiyo ni nusu ya g, na kizio chake ni m/s². Ukipima muda kwa dakika inakudanganya. Vivyo hivyo 703 inayotokea katika kanuni ya uzito na urefu wa mwili kwa pauni na inchi: haikutoka hewani, ni 0.45359 ikigawanywa kwa 0.0254 mara mbili. Namba ya mkato ikikupa shaka, ifungue mpaka uone vigeuzi vilivyojificha ndani.

Dalili: kigeuzi kilichofaa kwa kitu kimoja hakifai kwa kingine

Lita 1 ya maji ni karibu kilogramu 1. Lita 1 ya petroli si kilogramu 1. Kutoka ujazo hadi tungamo ni kuvuka dimensheni, na daraja lake ni densiti ya kitu hicho hasa.

Maabara za hospitali zina mfano ulio wazi. Sukari ya damu hutolewa kwa miligramu kwa desilita au kwa milimoli kwa lita, na kigeuzi kati yake ni 18 kwa sababu moli moja ya glukosi ina gramu 180 hivi. Anayeichukua 18 hiyo na kuitumia kwa kolesteroli atapata jibu lililozidi mara mbili, kwani kigeuzi cha kolesteroli ni 38.7. Andika jina la dutu pamoja na kizio, "mg za glukosi", na utaona kuwa haikatiki na "mg za kolesteroli".

Dalili: kadiri kiasi kinavyoongezeka, jibu linapungua

Huna kosa, una kizio kilichopinduliwa. Ulaji wa mafuta wa lita 8 kwa kilomita 100 ni kilomita 12.5 kwa lita, na hupati moja kutoka nyingine kwa kuzidisha namba ileile kila mara. Lazima ugawanye: 100 ÷ 8. Usichukue pia wastani wa kilomita kwa lita za magari mawili yaliyokwenda umbali sawa; jumlisha lita, jumlisha kilomita, ndipo ugawanye. (Lita kwa kilomita, ukiikata mpaka mwisho, ni ujazo kwa urefu, yaani eneo. Lita 8 kwa kilomita 100 ni milimita za mraba 0.08: unene wa uzi wa mafuta ambao gari lingeumeza kama ungetandazwa barabarani lote liendako. Sijaacha kulipenda jibu hilo.)

Dalili: sini, logi au kipeo vinatoa upuuzi

Kilicho ndani ya sini, logi au kipeo cha e lazima kiwe namba tupu. Ukiona sini ya "sekunde 3" au logi ya "mita 5", kuna kitu hakijagawanywa. Katika e^(−t/RC), ya saketi yenye ukinzani R (kwa omu) na kapasita C (kwa faradi), omu mara faradi ni volti/ampea × ampea·sekunde/volti, ambayo ni sekunde, hivyo t/RC haina kizio na kanuni imepona. Ukiwa na t/R tu, haijapona.

Kwa pembe, jaribu sini ya 30. Ikitoka 0.5, kikokotoo kiko kwenye digrii, ikitoka −0.988, kiko kwenye radiani. Programu nyingi za kompyuta na lahajedwali huchukua radiani bila kuuliza.

Dalili: nishati ya betri au ya umeme hailingani

Wati ni juli kwa sekunde. Tayari kuna muda chini ya mstari. Nishati hupatikana kwa *kuzidisha* wati kwa muda, kwa hiyo kilowati-saa 1 ni 1000 J/s × 3600 s, juli milioni 3.6. Anayeandika kW/saa amegawanya kwa muda mara mbili. Na miliampea-saa (mAh) za betri si nishati, ni chaji: 5000 mAh inahitaji volti ili iwe nishati. Kwa volti 3.7 ni wati-saa 18.5. Betri mbili zenye mAh sawa na volti tofauti hazibebi nishati sawa.

Dalili: kwenye karatasi ni sawa, kwenye programu si sawa

Kompyuta huhifadhi namba na kutupa kizio. Geuza kila kitu kuwa SI mara tu data inapoingia, fanya kazi yote ndani ya SI, ugeuze tena wakati wa kutoa. Kipe kigezo jina lenye kizio: `urefu_m`, `muda_s`. Kwenye lahajedwali kizio kikae kwenye kichwa cha safu. Usikadirie vigeuzi katikati ya hesabu: inchi ni sentimita 2.54 kamili na pauni ni kilogramu 0.45359237 kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959. Kukadiria kuna wakati wake, mstari wa mwisho.

Dalili: hukumbuki kanuni yenyewe

Hapa vizio vinakwenda mbali kuliko kukagua. Orodhesha vitu vinavyoweza kuhusika, kisha utafute mchanganyiko wao pekee unaotoa kizio unachokitaka. Kipindi cha pendulamu chaweza kutegemea tungamo, urefu na g. Kilogramu haipo popote pengine, kwa hiyo hakuna cha kuikata, na tungamo linatoka. Ili kupata sekunde kutoka m na m/s², njia ni moja tu: √(l/g). Umepata umbo la kanuni, bila ile 2π yake, na bila kujua lolote kuhusu mwendo wa kuyumba.

Mwanafizikia wa Uingereza G. I. Taylor aliitumia njia ya namna hii kwa picha za jaribio la bomu la nyuklia la tarehe 16 Julai 1945 huko New Mexico. Nishati, densiti ya hewa, nusukipenyo cha mpira wa moto na muda huungana kwa namna moja: E ≈ ρR⁵/t². Vikague vizio: kg/m³ × m⁵ / s² ni kg·m²/s², juli. Kwa nusukipenyo cha mita 140 baada ya sekunde 0.025, na hewa ya 1.2 kg/m³, jibu ni karibu juli 10¹⁴, sawa na tani 25,000 za kilipuzi cha TNT. Taylor alichapisha kazi yake mwaka 1950, akiwa ametumia picha zilizokwisha kutolewa hadharani.

Dalili: vizio vyote vimekubali, na jibu bado ni bovu

Hapa umefika mpaka wa njia hii. Vizio havioni namba tupu: ½, 2π, 4/3. Kanuni mv² bila nusu yake ina vizio sahihi kabisa vya nishati. Havitofautishi nusukipenyo na kipenyo, kwa kuwa vyote ni mita. Haviwezi kukuambia kama nyutoni-mita ulizopata ni nishati au ni nguvu ya kuzungusha nati, wala kama 1/s ni mitetemo ya wimbi au miozo ya kiini cha atomu. Hata kosa la alama ya kutoa linapita bila kuonekana.

Kwa makosa hayo, ijaribu kanuni kwenye hali ambayo jibu lake unalijua tayari. Weka muda kuwa sifuri. Je, umbali umekuwa sifuri? Ongeza urefu wa pendulamu mara nne. Kipindi kinapaswa kuongezeka mara mbili. Kisha tafuta uwiano wa kosa kama tulivyofanya mwanzo. Ukikuta 2 au 4, shuku kipenyo au ile nusu. Ukikuta 6.28, ni 2π. Ukikuta 8 kwenye ujazo wa tufe, kipenyo kimeingia mahali pa nusukipenyo na kupandishwa kipeo cha tatu.

Uwiano usiofanana na lolote kati ya hayo, kama 1.37 au 0.82, mara nyingi hautoki kwenye vizio wala kwenye kanuni. Rudi kwenye vipimo vyenyewe: nani alisoma rula, kuanzia alama ipi.